Madame na Habari za Paris

Madame alikuwa akigombana na redio kama wengine wanavyogombana na jirani wa ukuta mmoja. Asubuhi, msomaji wa habari wa Paris akishasema bonjour, yeye aliitikia, na tangu hapo hakumwachia nafasi. "Hapana! Jana ulisema lingine!" Mumewe, aliyekuwa mshonaji, alikuwa amehamishia cherehani yake barazani ili apate utulivu. Sisi tuliopita njiani kwenda shule tulisikia sauti mbili: ya mwanamume wa mbali ikikatikakatika, na ya Madame, isiyokatika hata kidogo. Mtu asiyejua angedhani ndani kuna mgeni anayesemwa.

Alikozaliwa na ukoo wake sitavieleza. Wenye kujua hayo wamejaa hapa Kindu na hawahitaji kubembelezwa. Mimi nilimjua kama mwalimu wangu wa Kifaransa, na jina tulilomwita lilikuwa hilo tu, Madame. Muuza makaa alimwita hivyo, imamu wa msikiti wao alimwita hivyo, na nimewahi kumsikia mumewe mwenyewe akiuliza kupitia dirishani, "Madame, chai iko wapi?"

Alikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu, kilemba chake kimekazwa kana kwamba anakwenda kubeba kitu kizito. Miwani yake ilishikwa na uzi wa cherehani upande mmoja. Alipokasirika aliivua, na hapo darasa lilinyamaza, maana bila miwani hakutuona vizuri na angeweza kumtaja yeyote.

Vitabu vya shule alivifundisha kwa sababu vilitakiwa, lakini moyo wake ulikuwa kwenye habari. Aliyoyasikia asubuhi alitusimulia darasani polepole, kwa Kifaransa, akirudia kila sentensi mpaka yule wa nyuma kabisa atikise kichwa. Kisha alitugawa. Ninyi mko upande wa serikali, ninyi mko upande wa wakulima waliofunga barabara kwa matrekta. Semeni. Hatukuwahi kuona trekta ikifunga barabara. Barabara zetu zilijifunga zenyewe kwa matope. Hata hivyo tulibishana mpaka kengele ikagongwa, na tulipotoka nje tulikuwa bado tunabishana, kwa Kiswahili sasa, kana kwamba wakulima wale ni wajomba zetu wa Pangi.

Siku moja habari ilikuwa ya jibini. Kulikuwa na ugomvi huko Ulaya kuhusu jibini gani liruhusiwe kuuzwa, na Madame aliona lazima tujue jambo lenyewe kabla ya kuchagua upande. Akaeleza kwamba ni maziwa yaliyoachwa mpaka yagande, kisha yakaachwa tena mpaka yanuke, na kwamba kuna watu wanaolisifu kadiri linavyonuka.

"Madame, na weye umekula?" mmoja akauliza.

"Sijakula, sijaona, na sijanusa. Lakini juu ya nini unakunja pua? Nyumbani kwenu makayabu, ile samaki ya chumvi, ikichemka, jirani anafunga dirisha. Mbele yake weye unasema nini?"

"Ninasema iko tamu."

"Basi, hata wao njo vile. Andika: le fromage."

Somo ninalolikumbuka kuliko yote ni la neno grève, yaani mgomo. Paris walikuwa wamegoma watu wa treni, na sisi tulicheka, kwa sababu treni yetu ilikuwa ikichelewa majuma mazima bila mtu yeyote kugoma. Madame hakucheka. Alitupanga mistari, akatutoa darasani, tukateremka naye mpaka kwenye bandari ya mto Lualaba, pale ambapo wabeba mizigo husimama kwenye mchanga wakingoja mashua. Wanaume wale walitushangaa, watoto wa shule na vitabu mikononi. Madame aliwasalimu mmojammoja, akawaomba ruhusa, kisha akatugeukia.

"Mnaona mahali wanasimama? Mchanga wa pembeni ya mto, kwa Kifaransa, njo la grève. Zamani Paris walikuwa na uwanja kando ya mto wao. Watu wasio na kazi walisimama pale kama hawa baba zenu, wakingoja kuitwa. Kisha wenye kukasirikia kazi nao wakaenda kusimama palepale. Neno likahama. Likatoka kwenye mchanga, likaingia kwenye hasira."

Mbeba mizigo mmoja, mtu mzima mwenye kifua kipana, alikuwa amesikiliza. Akauliza, "Madame, kumbe na hao wazungu walikuwa wanangoja mashua?"

"Walingoja, baba. Na mvua iliwanyeshea."

Yule baba aliwatazama wenzake, akacheka, na nadhani siku ile alikwenda nyumbani na neno jipya kama sisi. Mimi nilikwenda na zaidi ya neno. Nilikuwa nimeamini kwamba Kifaransa kilishuka kutoka mahali pasipo na matope.

Alikipenda Kifaransa, na hakuona haya kuikasirikia Ufaransa. Watu hawakumwelewa, kila mmoja kwa upande wake. Mwalimu wa historia, mtu wa maneno makali, alimwuliza mbele yetu anaipendea nini lugha ya watu waliotutawala kwa kiboko. Madame akamjibu bila kusimama, "Mwenye kuileta alikwenda. Lugha ilibaki kwangu. Nimeifua, nimeianika, nimeipiga pasi. Sasa akirudi kuitafuta, ataniomba." Lakini juma hilohilo rafiki yangu wa dawati alileta picha ya mnara wa Paris aliyoikata kwenye gazeti, akasema atakwenda huko kwa sababu ni kuzuri, na Madame akavua miwani.

"Kuzuri kwa nani? Juzi tumesikia habari ya watu wanalala inje na baridi inawaua. Ulikuwa darasani ao ulikuwa wapi?"

Rafiki yangu aliinamisha kichwa. Madame akairudisha miwani, akaichukua ile picha, akaitazama kwa muda mrefu kuliko tulivyotegemea.

"Enda," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini uende ukijua."

Darasani alitukataza kuchanganya lugha. Kifaransa kizima ao Kiswahili kizima, alisema, usinipe uji wa mchele na mihogo. Sokoni tulimsikia kwa masikio yetu akimwuliza mama wa mboga, "Donc, mama, hii sombe iko fraîche ao njo ya jana?" Tulipomkumbusha sheria yake, hakutahayari hata kidogo. "Soko si darasa," akasema, akaendelea kuchagua majani.

Kisha vita vilifika. Treni ikaacha kuja, mashua zikaacha kuja, na mji ukawa umeshikwa na wanajeshi ndani huku wengine wakiuzunguka kutoka msituni. Aliyetoka kwenda shambani huenda asirudi, kwa hiyo mashamba yakaota majani na sisi tukala yale yaliyoota nyuma ya nyumba. Chumvi ikawa kitu cha kusimulia. Shule yetu iligeuzwa kambi. Madawati yalikuwa kuni ndani ya mwezi.

Madame alitusomesha sebuleni kwake, wasichana wachache wa mitaa ya karibu, kwa sababu mama zetu walituruhusu kufika huko tu. Redio aliitunza kuliko saa ya ukutani. Mawe yake ya betri yalipochoka aliyaanika juani juu ya bati, akayageuza kama anavyogeuza mtu samaki, na jioni yalitupa habari kidogo kabla ya kufa tena. Tuliketi kwenye mkeka tukisikiliza uchaguzi wa watu wengine, bei ya mafuta ya watu wengine, mvua za watu wengine. Mama yangu aliona ni upuuzi. "Nchi yenu inaungua na mnasoma ya Paris?" Nilipompelekea Madame maneno hayo, alifikiri, kisha akasema, "Mwambie mama yako iko haki. Lakini mtu mwenye kufungiwa nyumba moja, lazima ajue kwamba ziko nyumba zingine. Asipojua, atafikiri hii njo dunia."

Asubuhi moja tulikuwa kwenye somo la vitenzi, ofisa akaingia na askari wawili. Alikuwa kijana, amevaa vizuri, na alibisha hodi. Akaeleza kwamba wageni wakubwa kutoka ng'ambo walikuwa wanakuja kwa ndege kuuona mji, na kwamba atawasomea hotuba. Alikuwa amesikia kuwa katika Kindu nzima hakuna Kifaransa kama cha Madame. Akatoa karatasi, akaomba isahihishwe. Alisema tafadhali.

Madame alimpa kiti. Alichukua kalamu, akasoma kwa sauti mstari kwa mstari kama alivyosoma za kwetu, akiguna mahali pa kuguna. Mwisho akamrudishia.

"Makosa ya sarufi nimeyaondoa yote. Participe passé yako, ile ya tendo lililopita, ilikuwa inatembea bila bwana wake, nimeirudisha. Lakini iko sentensi moja imenishinda."

"Gani?"

"Hapa. Umeandika kwamba raia wa Kindu wanakwenda mashambani mwao bila shida. Umeweka présent de l'indicatif. Indicatif njo ya kitu chenye kiko. Kitu chenye hakiko kina umbo lake, kinaitwa conditionnel. Uandike: wangekwenda. Kisha sentensi itakudai neno si, yaani 'kama'. Wangekwenda, kama… Hapo njo utamaliza mwenyewe. Miye sijui utaweka nini."

Ofisa aliitazama karatasi, halafu akamtazama yeye. Askari mmoja, ambaye nadhani hakujua Kifaransa, alijua tu kwamba chumba kimebadilika.

"Mama, unajua unaongea na nani?"

"Na mwanafunzi mwenye kuniletea kazi yake."

Walimchukua palepale. Alituomba tu tufunge madirisha kabla ya mvua. Redio waliibeba pia, na mumewe aliyekuja mbio kutoka barazani na futi ya mshonaji shingoni alisukumwa mpaka akaangukia cherehani.

Siku zilizofuata niliona mambo ambayo sikuyategemea kwa mji ulioogopa vile. Wamama wa sokoni, waliobaki bila cha kuuza, walipika kidogo walichokuwa nacho na kukipeleka kwa zamu kwenye geti la kambi alikofungwa. Imamu na padri, ambao kila mmoja alikuwa na watu wake wa kuzika, walikwenda pamoja kumwombea aachiliwe, wakakataliwa, wakarudi tena kesho yake. Wageni walipotua, sisi watoto tulipangwa uwanjani tuwaimbie. Ofisa akasoma hotuba yake. Nilijua sentensi ile inakuja baada ya ile ya maji safi, na nikabana vidole vyangu. Alipoifikia aliiruka, akaendelea na iliyofuata. Pengine aliogopa kucheka kwa wageni kuliko alivyoogopa uongo. Sijui. Wageni waliandika, wakapanda ndege.

Madame aliachiliwa Ijumaa moja, akatembea mwenyewe mpaka nyumbani. Alikuwa amekonda na sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii tena. Walimpiga, na hilo ndilo pekee aliloniambia kuhusu mahali pale. Aliyoyaona mengine alikaa nayo. Nilipomweleza ya hotuba, kwamba sentensi haikusomwa, aliniuliza kwa makini, "Na participe passé, aliiunganisha na bwana wake?"

"Aliiunganisha, Madame."

"Basi alisikiliza kidogo."

Hapo alifunika uso kwa kikwembe chake na mabega yakaanza kutikisika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona analia, na sikujua pa kuweka mikono yangu. Mumewe aliingia, akaketi karibu naye. Jumatatu tuliendelea na conditionnel.

Miaka mingi imepita. Mumewe amefariki. Rafiki yangu wa picha ya mnara alikwenda kweli, sasa yuko mji mmoja wa kaskazini huko, anaosha wazee hospitalini, na simu zake kwa Madame ni ndefu na za ukweli. Mimi nilibaki. Ninasoma habari za Kifaransa kwenye redio moja hapa mjini, na watu wakinisifu kwamba nazisoma kama mtu wa Paris, ninapokea sifa hiyo bila kukataa.

Mwaka huu akaja muuguzi, msichana wa Kifaransa kutoka shirika moja la ng'ambo, akitafuta mtu wa kumfundisha Kiswahili. Wakamwelekeza kwa Madame. Wakakubaliana kubadilishana: saa moja ya lugha hii, saa moja ya ile. Katika maisha yake yote Madame alikuwa ameongea na mapadri Wabelgiji, masista, walimu kutoka Kinshasa na redio. Hakuwahi kukaa uso kwa uso na kijana aliyezaliwa na kukulia Ufaransa.

Nilimkuta siku ya pili ya masomo hayo, na nilimkuta mnyonge.

"Sikusikia kitu," aliniambia. "Miye! Anakimbiza maneno, anayakata mikia, mengine anayameza. Na sauti yake iko ndogo. Nilijibu oui, oui, kama mutoto wa mwaka wa kwanza. Kisha akaniambia kwamba ninaongea kama vitabu vya babu yake."

"Hakutaka kukutukana, Madame."

"Ninajua hakutaka. Njo maana inauma."

Nilikwenda nyumbani nikiwa na hofu. Nilifikiri, huyu mama ametumia maisha yake kujenga nyumba, na msichana mdogo amekuja kumwambia kwamba watu walihama mtaa ule zamani. Nilijitahidi kutafuta la kumfariji na sikulipata. Kisha kazi ikanishika, mvua zikaanza, sikurudi kwake kwa muda.

Niliporudi, juzijuzi tu, sikuhitaji faraja niliyoitafuta. Madame alikuwa ameketi barazani, kiti chake kimegeuzwa ili sikio zima lielekee kwa yule muuguzi, aliyekaa kwenye mkeka akimenya karanga. Kiswahili cha msichana kilikuwa kimeanza kusimama. Alinisalimu vizuri, akaniuliza habari za nyumbani na za kazi kwa mpangilio wake. Madame alinivuta karibu, macho yanang'aa.

"Unajua wanafanya nini, vijana wa kule? Wanageuza maneno! Wanachukua mkia wanauweka kichwani. Fou, mwenye wazimu, wanasema ouf. Lourd, kitu kizito, wanasema relou. Hii mbona njo kinyume! Si tulikuwa tunacheza utoto wetu? Nyumba unasema mbanyu. Tulifanya vile wakubwa wasisikie siri zetu. Nikamwambia, dada, kumbe hii lugha yenu mupya minaijua tangu sijaota meno ya pili!"

Muuguzi alicheka, akasema kwa Kiswahili chake, "Madame anageuza yote sasa. Hata majina ya dawa."

Wakaendelea na saa ya Kifaransa. Nilikaa pembeni, sakoshi yangu ya kazini begani, nikijisikia mwenyeji wa lugha hiyo, mtu wa redio, nikisubiri nafasi ya kutia neno. Msichana alianza kusimulia kisa cha daktari wao mkuu na mbuzi aliyeingia wodini. Alianza polepole, kisha kisa kikamchukua, akaongeza mwendo, mikono ikaruka, na mwisho akatupa sentensi moja fupi ya haraka. Madame alimkazia macho. Midomo yake ilitembea bila sauti, ikichukua silabi, ikizipindua, ikizijaribu. Halafu alipasuka kicheko. Alicheka mpaka kilemba kikalegea, akapiga paja la muuguzi, muuguzi naye akalala kwenye mkeka kwa kucheka, karanga zikamwagika.

Mimi nilitabasamu tabasamu la mtu aliyeachwa kituoni.

Madame alipangusa macho yake yenye machozi, akaniona. Akavua miwani.

"Weye umecheka nini?"

"Nimecheka juu ninyi mumecheka, Madame."

"Alisema nini?"

Nilijaribu. Nilikuwa na daktari, nilikuwa na mbuzi. "Sikusikia neno la mwisho," nikakiri.

Madame alitazamana na muuguzi. Kisha akausogeza mkeka kwa mguu, akanionyesha nafasi kati yao.

"Weka sakoshi chini, ukae hapa," akasema. "Tunaanza na neno la mwisho."